Namna ya Kuzitambua Dharau Ndogondogo za Kila Siku na Madhara Yake kwa Wengine

Kuna kauli ambayo mtu akiisikia mara ya kwanza huipuuza, akiisikia mara ya kumi hunyamaza, na akiisikia mara ya mia huanza kupanga namna ya kuikwepa hata kabla haijatamkwa. Msemaji wa mara ya mia hajui kwamba ametanguliwa na wenzake tisini na tisa. Yeye anajiona amesema neno moja tu, tena kwa nia njema, na hushangaa anapoona uso wa mwenzake umebadilika. Mwongozo huu unahusu kauli na vitendo vya namna hiyo, ambavyo hapa nitaviita dharau ndogondogo, yaani maneno, ishara au ukimya unaomfikishia mtu ujumbe kwamba, kwa sababu ya kundi analohesabiwa kuwamo, yeye ni mgeni, ni pungufu au ni wa kutiliwa shaka. Kundi hilo laweza kuwa la rangi, jinsia, dini, umri, ulemavu, lafudhi au hali ya maisha.

Jambo lenyewe ni la zamani kama binadamu wenyewe, ila jina lake la kitaalamu, ambalo kwa Kiingereza ni “microaggression,” lina umri wa nusu karne tu. Mwaka 1970 Chester Pierce, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard, alilibuni ili kueleza mambo ambayo Wamarekani Weusi walikuwa wakikabiliana nayo kila siku bila kutukanwa waziwazi wala kupigwa. Mwaka 1973 Mary Rowe, aliyekuwa akishughulikia masuala ya wanawake kazini katika taasisi ya teknolojia ya MIT huko Marekani, alianza kuandika kuhusu jamaa wa karibu wa jambo hilo: jina linalosahauliwa kwenye orodha, kazi inayosifiwa bila mwenyewe kutajwa, mwaliko unaowafikia wote isipokuwa mmoja. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Derald Wing Sue na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia waliyagawa mambo haya katika mafungu matatu: mashambulizi ya wazi yanayofanywa kwa makusudi, matusi yaliyofunikwa ambayo mara nyingi hata msemaji hayatambui, na kauli zinazomkanusha mtu, yaani zinazomwambia kwamba alichokiona hakukiona na alichokisikia hakukisikia. Fungu la kwanza halihitaji mwongozo, kwa sababu kila mtu hulitambua. Mawili yaliyobaki ndiyo yenye kazi.

Weka nia kando kwa muda

Kosa linalowakwamisha wengi ni kuanza na swali la nia. Mtu akiambiwa kwamba kauli yake imeumiza, hukimbilia moyoni mwake, huukagua, huukuta hauna chuki, kisha hurudi na jibu kwamba basi hakuna kosa lililotendeka. Ukaguzi huo unaweza kuwa wa kweli kabisa na bado usiseme lolote kuhusu kilichomfikia msikilizaji. Aliyekanyagwa mguu huumia hata kama aliyemkanyaga alikuwa akitazama juu.

Swali linalofaa zaidi ni hili: ili kauli hii iwe na maana, ni lazima msemaji awe anaamini nini? Chukua sifa ya kawaida kama “Unajieleza vizuri sana.” Akiambiwa mwanafunzi aliyetoka kuhutubia kwa mara ya kwanza, ni pongezi halali. Akiambiwa mhandisi mwenye miaka ishirini kazini, ambaye tofauti yake na wenzake ni lafudhi au rangi ya ngozi tu, kauli hiyohiyo inabeba mshangao, na mshangao haupatikani bila matarajio yaliyotangulia. Msemaji alitarajia asijieleze vizuri. Vivyo hivyo, “Umetoka wapi?” ni swali la kujuana, lakini mtu akishajibu na kuulizwa tena, “Hapana, umetoka wapi hasa?” anaambiwa kwamba jibu lake halikukubaliwa na kwamba mahali alipopataja hapawezi kuwa pake. “Wewe si kama wenzako” humpandisha mtu ngazi moja kwa kuwashusha ndugu zake wote. “Lakini huonekani mgonjwa,” anapoambiwa mwenye maradhi au ulemavu usioonekana, humdai ushahidi ambao hakuna mwingine chumbani anayedaiwa.

Kipimo cha pili ni kumbadilisha mhusika. Mkurugenzi mwanamke anaposafiri kikazi huulizwa watoto ameachia nani. Jiulize kama mkurugenzi mwanamume aliyesafiri wiki iliyopita aliulizwa hivyo, na kama asingeulizwa, swali limekwisha kujieleza lenyewe. Kipimo hiki ni chepesi na kina faida ya kukusaidia kabla hujafungua mdomo, maana unaweza kukifanya kimoyomoyo katika muda wa pumzi moja.

Kipimo cha tatu ni cha hesabu, na ndicho kigumu kwa sababu hesabu yenyewe haiko kwako. Ni mtu wa ngapi unayemwambia hivi? Wenye nywele tofauti na za walio wengi husimulia jinsi watu wasiowafahamu wanavyonyoosha mkono kuzigusa, na kila mmoja wa wale wanaogusa hudhani ni yeye pekee aliyepatwa na hamu hiyo. Wahenga walisema chovya chovya humaliza buyu la asali, na kila mchovyaji huapa kwamba alitia kidole kimoja tu.

Sikiliza maneno madogo

Katika lugha yetu dharau nyingi hazikai kwenye nomino wala kwenye vitenzi, bali hujificha katika vineno ambavyo hatuvitilii maanani. Nimejizoeza kuvisikiliza, kwanza katika kinywa changu mwenyewe, na navitaja hapa kwa sababu sijaona kitu kingine kinachofichua ujumbe haraka kiasi hicho.

Neno “hata” ni mojawapo. “Hata yeye amefaulu” ni sentensi inayotoa habari ya kufaulu na papo hapo inamweka mfaulu mkiani mwa watu waliotazamiwa kufaulu. Neno “kumbe” ni dada yake: “Kumbe unajua kurekebisha kompyuta!” akiambiwa msichana, au “Kumbe unasoma vitabu!” akiambiwa mlinzi wa mlangoni. Mshangao unaweza kuwa wa furaha, lakini ni mshangao bado. “Lakini” na “ila” hufanya kazi nzito zaidi, kwa kuwa huunganisha sifa na kundi kana kwamba viwili hivyo havikai pamoja kwa kawaida: “Ni mwanamke lakini anaongoza vizuri,” “Ni mzee ila anaelewa haraka.” Liondoe neno hilo moja, utaona sentensi inavyodondoka vipande viwili na swali linavyobaki wazi: kwa nini viliunganishwa?

Kisha kuna “nyinyi.” Mtu anaingia akiwa mmoja na anaambiwa, “Nyinyi mnapenda sana kelele,” au “Nyinyi hesabu ndiyo fani yenu.” Mfano wa pili unaonekana kuwa wa kusifu, na ndiyo maana unafaa kuchunguzwa. Anayeambiwa hivyo hunyang’anywa juhudi zake binafsi na kupewa urithi ambao hakuuomba, na yule wa kundi lake asiyeweza hesabu huonekana mwenye kasoro maradufu.

Viambishi navyo visisahauliwe. Kumwita mwanamke mtu mzima “kabinti” katika kikao cha kazi, au mzee “kizee,” ni kumpunguza kwa herufi mbili tu. Hapa pana jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa sababu lugha yenyewe imetuachia maneno kama kipofu na kilema, ambayo kwa umbo yanafanana na majina ya vitu, ingawa upatanisho wake ni wa watu: tunasema kipofu amefika, hatusemi kimefika. Wengi leo huchagua kusema mtu asiyeona au mtu mwenye ulemavu, na neno zeruzeru limewapisha watu wenye ualbino. Hata hivyo viziwi wengi wamelishika neno kiziwi wenyewe na kulitia katika majina ya vyama vyao. Kwa hiyo orodha ya maneno yaliyoruhusiwa na yaliyokatazwa haitakufikisha mbali. Muulize mhusika anavyopenda kuitwa, kisha umwite hivyo.

Jina la mtu liko katika fungu hilihili. Kukosea kulitamka mara ya kwanza si dharau. Kulikataa ni dharau: “Jina lako ni gumu, nitakuita tu kwa kifupi.” Mtu huyo amebeba jina hilo tangu utotoni, na sasa anaambiwa kwamba silabi nne zimekuwa mzigo mzito mno kwa mwenzake.

Tazama yasiyosemwa

Sehemu kubwa ya dharau hizi haina maneno kabisa. Angalia kikaoni ni nani hukatizwa kauli, ni nani hutakiwa kila mara kuandika kumbukumbu ingawa si katibu, na ni wazo la nani hupita kimya hadi mwingine alirudie dakika tano baadaye na kupigiwa makofi. Angalia macho yanaelekea wapi mfanyakazi mwanamke anapouliza swali na jibu likatolewa kwa mwanamume aliyekaa kando yake. Angalia mkono unaoushika mkoba kwa nguvu lifti inapofunguka na mtu wa aina fulani akaingia, kiti kinachobaki kitupu katika basi lililojaa, na mhudumu wa duka anayemfuata mteja mmoja nyuma nyuma huku akiwaacha wengine wazunguke wapendavyo. Majengo nayo husema: njia ya kiti cha magurudumu inayopitia mlango wa nyuma kando ya mapipa ya taka imewaeleza wanaoitumia walichofikiriwa na mchoraji wa jengo, au kwamba hakuwafikiria.

Mimi mwenyewe nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa mlangoni nikiwapokea wajumbe wa mkutano, alifika bwana mmoja katika kiti cha magurudumu akisukumwa na kijana. Nilimwamkia kijana, nikamuuliza yeye, “Anaitwa nani?” huku kalamu ikiwa tayari kuandika. Bwana yule alilitaja jina lake mwenyewe, polepole, kisha akaongeza bila hasira kwamba mimi nilikuwa mtu wa tatu asubuhi ile. Sikuwa na neno lolote baya nililolitamka. Nilikuwa nimeyaelekeza macho upande usiofaa, basi, na ilitosha kumfanya mtu aliyekaa mbele yangu awe hayupo.

Shaka huchosha kuliko tusi

Ajabu ya dharau ndogondogo ni kwamba uzito wake hauko sana katika kuumiza, bali katika kutojulikana kama ni zenyewe. Anayetukanwa waziwazi hukasirika, hujibu au huondoka, na jambo lina mwanzo na mwisho. Anayeachwa na kauli yenye sura mbili hubaki akiigeuza: alimaanisha nini, je, ni mimi ninayejishuku, nikisema nitaonekana mgomvi, nikinyamaza nitaonekana nimekubali, na kwa nini sikujibu pale pale. Maswali hayo humfuata hadi nyumbani, na kesho yake yanakaa naye mezani pa kazi yakila akili iliyopaswa kufanya jambo jingine.

Mwaka 2007 watafiti Jessica Salvatore na Nicole Shelton waliliweka jambo hili katika jaribio. Washiriki walisoma maamuzi ya kuajiri, mengine ya haki, mengine ya ubaguzi wa wazi na mengine ya kutatanisha, kisha wakapewa zoezi linalohitaji umakini. Washiriki Weusi walitatizika zaidi katika zoezi hilo baada ya kusoma maamuzi ya kutatanisha kuliko baada ya kusoma yale ya ubaguzi wa wazi, wakati kwa washiriki Weupe ubaguzi wa wazi ndio uliowatatiza zaidi. Nalitaja kwa sababu linakubaliana na yale ambayo walioyapitia wamekuwa wakiyasema siku zote: fumbo huchosha kuliko jibu.

Mwili nao hushiriki. Mwaka 1997 David Williams na wenzake walitunga kipimo cha maswali tisa kuhusu ubaguzi wa kila siku, yanayouliza mambo kama kutendewa kwa adabu pungufu kuliko wengine, kuhudumiwa vibaya, au watu kujifanya kana kwamba huna akili. Kipimo hicho kimetumiwa katika tafiti nyingi za afya, na majibu yake yamehusishwa na sonona, usingizi mbovu na shinikizo la damu. Kuhusishwa si kuthibitishwa kuwa chanzo, na msomaji makini aliweke hilo akilini. Hata hivyo njia inayoweza kuviunganisha inafahamika: mwili unaokaa katika hali ya tahadhari humwaga homoni za msongo, na hali hiyo ikirudiwarudiwa kwa miaka viungo huchakaa, jambo ambalo Bruce McEwen na Eliot Stellar walilieleza mwaka 1993 walipoandika kuhusu gharama ambayo mwili huilipa kwa kujirekebisha bila kupumzika.

Dalili za nje ni rahisi kukosewa. Aliyechoshwa na hali hii huenda akaacha kuchangia mawazo, akaitwa mvivu. Huenda akafanya kazi kupita kiasi ili asipewe mtu sababu ya kumshuku, akasifiwa kwa bidii. Huenda akazikwepa tafrija za ofisini, akaitwa mwenye majivuno. Na siku atakapolipuka kwa neno lililoonekana dogo, kila mtu atalipima neno lile moja na hakuna atakayezihesabu zilizolitangulia.

Si kila kinachokera ni dharau

Uadilifu unadai tuseme upande wa pili. Mwaka 2017 mwanasaikolojia Scott Lilienfeld alichapisha uhakiki mkali wa tafiti hizi. Alieleza kwamba mipaka ya dhana haijakazwa, kwamba kauli nyingi zinazoorodheshwa zina maana zaidi ya moja, na akashauri mafunzo ya kazini kuhusu suala hili yasitishwe hadi ushahidi uimarike. Sikubaliani na kila alichosema, lakini onyo lake kuhusu orodha naliona la haki. Mtu aliyekariri orodha ya kauli mbaya hugeuka askari wa maneno, huku dharau zisizo na maneno zikipita mbele yake bila kuguswa.

Kwa hiyo tenganisha. Meneja anayewakatiza watu wote kauli ana adabu mbaya, na hilo ni tatizo lake jingine. Anayewakatiza wanawake tu ndiye tunayemzungumzia. Ukosoaji wa kazi iliyofanywa vibaya si dharau kwa sababu tu mkosolewa ni wa kundi dogo, na kumnyima mtu ukosoaji wa kweli kwa kumwogopa ni namna nyingine ya kumdharau. Tazama pia madaraka: utani wa marafiki wawili wanaotaniana sawa kwa sawa hauna uzito wa utani wa mkubwa kwa mdogo asiyeweza kuurudisha.

Ukiambiwa umekosea

Jibu la kwanza linalokuja mdomoni karibu kila mara ni baya. “Nilikuwa natania,” “Unakuza mambo,” “Mimi nina marafiki wengi wa namna yako”: zote hizi ni za lile fungu la tatu la Sue, yaani zinamkanusha mtu, na humgeuza aliyeumizwa kuwa mshtakiwa. Omba radhi kwa ufupi, ukitaja ulichokifanya: “Samahani, nilimuuliza mwenzako badala ya kukuuliza wewe.” Usimpe mtu kazi ya kukufariji, wala usimtake akufundishe historia ya kundi lake zima papo hapo. Kama hujaelewa kosa, unaweza kusema kwamba utalifikiria, na kweli ukalifikirie.

Ukiwa wewe ndiwe uliyetendewa, hulazimiki kujibu kila mara. Unaweza kuchagua kwa kupima usalama wako, uhusiano wenu na nguvu ulizobakiwa nazo siku hiyo, na kunyamaza kwako hakumaanishi kwamba umekubali. Ukiamua kusema, kumwomba msemaji afafanue ndiyo njia isiyozua ugomvi mkubwa: “Sijakuelewa, ulikuwa na maana gani?” Atakayelazimika kukieleza kile ambacho alitegemea kieleweke bila kuelezwa, mara nyingi atakisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kumweleza mtu unayemwamini yaliyotokea nako kunafaa, kwa kuwa kunaiondoa ile shaka ya kuwa labda uliota.

Anayeshuhudia ana nafasi nzuri kuliko wote wawili, maana hatashukiwa kuwa anajitetea. Katika mkutano anaweza kusema, “Hoja hiyo aliitoa mwenzetu mwanzoni, naomba tumsikie amalizie,” na shughuli ikaendelea bila mtu kuvuliwa nguo mbele ya wenzake. Kama jambo ni zito zaidi, mwite msemaji faraghani baada ya kikao. Ila usimwache aliyelengwa aondoke akidhani kwamba hakuna aliyeona. Mfuate umwambie, “Nimesikia alichosema, na mimi sikukipenda,” kisha umuulize kama angependa lifuatiliwe au liishie hapo, na ufuate atakalokujibu hata kama wewe ungependa vingine.